Pumzi Ifundishwe Kabla ya Kisu

Katika wodi nyingi za upasuaji, somo la kupumua huja likiwa limechelewa. Mgonjwa amesharudishwa kitandani, dawa ya usingizi inamtoka taratibu, mdomo umekauka, kidonda ndiyo kwanza kinaanza kuwaka, na hapo ndipo muuguzi anayepita na toroli la dawa anapomwambia avute pumzi ndefu na akohoe. Maneno ni sahihi, wakati ndio si wake. Mtu mwenye mshono mpya tumboni hana utulivu wa kujifunza jambo geni. Anachotaka ni kutosogea hata kidogo, na kila anachoambiwa akifanye anakipima kwa swali moja tu: kitaniuma? Basi anaitikia kwa kichwa, na muuguzi akishaenda zake naye anarudi kwenye vipumzi vifupi vya juu juu, tumbo amelikaza kuulinda mshono. Hoja yangu ni kwamba mbinu za kupumua ni sehemu halali ya tiba ya maumivu baada ya upasuaji, lakini faida yake inategemea zifundishwe mapema, kwa mazungumzo yasiyo na haraka, kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji. Na zikitenganishwa na dawa, zinaacha kuwa msaada na kugeuka dhuluma.

Ili kuona uzito wa jambo hili inabidi tuangalie kinachotokea mwilini. Mapafu hayajijazi hewa yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli ya mbavu: kiwambo kikishuka hewa inaingia, kikipanda inatoka. Mtu akipasuliwa tumbo, hasa sehemu ya juu jirani na mbavu, kiwambo hupungukiwa nguvu kwa siku kadhaa. Dawa ya usingizi mzito nayo huacha sehemu za chini za mapafu zimesinyaa kwa wagonjwa walio wengi sana. Mtu mwenye afya angezifungua sehemu hizo bila hata kujua, kwa miayo, kwa kicheko, kwa kujigeuza usingizini, kwa kuinuka kwenda msalani. Aliyepasuliwa anayaogopa yote hayo, na zaidi ya yote anaogopa kukohoa, maana kikohozi kimoja kinautikisa mshono mzima. Makohozi yanatuama, vijidudu vinapata makao, na baada ya siku chache homa inapanda kwa sababu nimonia imeshaingia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyaona maumivu ya baada ya upasuaji kuwa jambo la kuvumiliwa tu mpaka lipite. Yakiachwa bila kutulizwa huzuia pumzi, na pumzi ikizuiwa mtu anaweza kupata ugonjwa asioingia nao hospitalini.

Upo pia mzunguko wa pili, wa hofu na misuli. Mwenye hofu hukaza mwili bila kukusudia. Misuli ya tumbo ikikaza chini ya kidonda, inavuta kingo za mshono, kidonda kinauma zaidi, hofu inaongezeka, pumzi zinakwenda mbio, misuli inakaza tena. Kupumua ndiyo sehemu ya mzunguko huo ambayo mtu anaweza kuishika kwa hiari yake. Hatuwezi kuyaamuru mapigo ya moyo yapungue, lakini tunaweza kuamua kutoa hewa polepole, na moyo hufuata: kila tunapotoa hewa mapigo hupungua kidogo, kazi inayosimamiwa na neva ndefu iitwayo vagasi, ishukayo kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akizipunguza pumzi hizo hadi zikaribie 6, na akirefusha ile ya kutoa kuliko ile ya kuvuta, mwili hushuka kutoka kwenye hali ya tahadhari. Misuli inalegea, ikiwemo ile iliyo chini ya kidonda. Hakuna muujiza hapo, na wala sidai kwamba kidonda kimepona kwa hilo. Ninachodai ni kwamba sehemu ya maumivu anayoyasikia mgonjwa hutokana na kujikaza kwake, na sehemu hiyo inaweza kupunguzwa.

Ushahidi ninaourejea zaidi ni wa zamani, na uzamani wake ndio unaosikitisha. Mwaka 1964 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Lawrence Egbert, daktari wa usingizi, na wenzake watatu wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston. Walichukua wagonjwa 97 waliopangiwa upasuaji wa tumbo. Wote walitembelewa na daktari wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji, kama ilivyokuwa desturi. Kundi moja liliambiwa mambo ya kawaida basi. Kundi la pili liliongezewa mazungumzo: wapi watasikia maumivu, yatakuwa makali kiasi gani, yatachukua muda gani, na kwamba kuumwa baada ya kupasuliwa si dalili ya kuharibika kwa jambo. Walielezwa kwamba sehemu ya maumivu husababishwa na kukakamaa kwa misuli chini ya kidonda, kisha wakafundishwa kuilegeza kwa kupumua kwa kina, wakaonyeshwa namna ya kujigeuza kitandani kwa nguvu za mikono na miguu huku tumbo limeachwa limelegea. Na waliambiwa, jambo ambalo wengi wanaounukuu utafiti huu hulisahau, kwamba wakishindwa kuyatuliza maumivu kwa njia hizo waombe dawa. Madaktari wapasuaji hawakujua nani yuko kundi gani. Siku zilizofuata, waliofundishwa walitumia takriban nusu ya dawa kali za maumivu zilizotumiwa na wenzao, na kwa wastani waliruhusiwa kurudi nyumbani siku 2.7 mapema.

Msomaji makini atauliza papo hapo: utajuaje kama ni pumzi iliyofanya kazi hiyo, au ni yale mazungumzo, au ni ile faraja ya kuona kuna daktari anayejali? Jibu ni kwamba kwa utafiti ule huwezi kujua, na waliozoea kuuza mbinu za kupumua kwa video na semina wangependa tusiulize. Mimi naona swali hilo linaiimarisha hoja yangu. Kilichopimwa Boston ni somo: mtu mwenye ujuzi ameketi pembeni ya kitanda, amemwambia mgonjwa ukweli kuhusu kesho yake, amempa kitu cha kufanya kwa mwili wake mwenyewe, na amemhakikishia kwamba dawa ipo. Ukikichukua kimoja katika hivyo ukaviacha vingine, hujui umebakiwa na nini. Ndiyo maana lile agizo la “vuta pumzi” linalotolewa na mtu anayepita, kwa mgonjwa ambaye hakuandaliwa, haliwezi kudai matokeo ya Boston.

Utafiti wa karibuni zaidi umelipima suala la wakati kwa ukali ambao Egbert hakuwa nao. Ianthe Boden na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 441 wa upasuaji mkubwa wa sehemu ya juu ya tumbo katika hospitali 3 za Australia na New Zealand, na matokeo yakatoka katika jarida la BMJ mwaka 2018. Wote walipewa kijitabu. Nusu yao wakaongezewa kikao kimoja cha dakika 30 na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji, wakaelezwa mapafu yatapatwa na nini, wakafundishwa mazoezi ya pumzi na kuyafanyia majaribio palepale. Baada ya upasuaji makundi yote mawili yalisaidiwa kuinuka na kutembea mapema kwa namna ileile, na hakuna aliyeendelea kufundishwa kupumua. Katika kundi la kijitabu peke yake, asilimia 27 walipata matatizo ya mapafu ndani ya siku 14. Katika kundi lililofundishwa, walikuwa asilimia 12. Tofauti kubwa namna hiyo ikipatikana kwa dawa mpya, kampuni iliyoitengeneza ingeitangaza dunia nzima. Hii imepatikana kwa nusu saa ya mazungumzo, na nusu saa hiyo ilikuwa kabla ya upasuaji.

Utafiti wa Boden ulihusu mapafu, haukuhusu maumivu, na sitaki kuvichanganya. Kwa upande wa maumivu ushahidi upo lakini hauna nguvu sawa. Wachambuzi waliokusanya tafiti za kupumua polepole na maumivu ya ghafla wamekuta matokeo mseto: nyingine zinaonyesha nafuu, nyingine hazionyeshi, na nyingi zina wagonjwa wachache. Tena mtu hawezi kufundishwa kupumua bila kujua amefundishwa, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha mbinu na matumaini. Hata hivyo zipo zinazofaa kutiliwa maanani. Nchini Thailand, Varunyupa Roykulcharoen na Marion Good waliwapima wagonjwa waliopasuliwa tumbo mara tu baada ya kuinuka kitandani kwa mara ya kwanza, wakati ambao kila aliyewahi kuuguza anajua ni mgumu. Waliofanya zoezi la dakika 15 la kulegeza mwili waliripoti maumivu pungufu na mahangaiko pungufu kuliko wenzao, ingawa dawa walizotumia hazikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Marekani, mwaka 2006, wagonjwa 40 waliofanyiwa upasuaji wa moyo walichunguzwa wakati wa kutolewa mrija wa kifuani, tendo la muda mfupi lenye maumivu makali. Wote walipewa dawa kali ya maumivu. Nusu wakaongezewa mbinu ya pumzi ndefu za polepole. Walioongezewa waliumia kidogo kuliko waliopata dawa peke yake.

Kwamba akili na pumzi vinaweza kubadili kiasi cha maumivu si imani tena. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba taarifa za maumivu zinapofika kwenye uti wa mgongo hukutana na mlango unaoweza kufunguliwa zaidi au kufungwa kiasi, kutegemea taarifa nyingine zinazotoka mwilini na amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo. Undani wa nadharia hiyo umerekebishwa sana tangu wakati huo, lakini kiini chake kimebaki: ubongo haupokei maumivu tu, unayaongeza na kuyapunguza. Hili lieleweke vizuri, maana kuna watu wakisikia hivyo hukimbilia kusema kwamba basi mgonjwa anajitia. Hajitii. Maumivu yanayopungua kwa utulivu ni ya kweli sawasawa na yale yanayopungua kwa sindano.

Sasa mbinu yenyewe ikoje? Haina fumbo, na nitaieleza kwa upasuaji wa tumbo ambao ndio wa kawaida zaidi kwetu. Mgonjwa akiwa bado mzima, siku moja au hata wiki kadhaa kabla, anakaa au kulala ameinua mgongo na kukunja magoti kidogo ili tumbo lilegee. Mkono mmoja anauweka juu ya kitovu, mwingine kifuani. Anavuta hewa kwa pua polepole, na lengo ni kwamba mkono wa tumboni unyanyuke kabla ya ule wa kifuani. Anaishikilia hewa kwa muda mfupi, kisha anaitoa kwa mdomo uliobanwa kidogo kama wa mtu anayepoza uji, na anachukua muda mrefu kutoa kuliko aliotumia kuvuta. Wakati anatoa anaangalia mabega, taya na ngumi kama vimelegea, kwa sababu ndipo hofu inapojificha. Baada ya pumzi kama 10 anapumzika, halafu anarudia. Kisha anafundishwa kukohoa, na hapa ndipo kanga inapopata kazi: inakunjwa mara kadhaa mpaka iwe nene, inawekwa juu ya sehemu ya kidonda, inakumbatiwa kwa mikono miwili na kukandamizwa kwa uthabiti, ndipo anakohoa. Mto mdogo unafaa vilevile. Mkandamizo huo unauzuia mshono usivutwe na unaondoa sehemu kubwa ya hofu. Baada ya upasuaji, kila saa akiwa macho, anarudia awamu mbili za pumzi 10 pamoja na kikohozi, na anaitumia pumzi ya polepole kila anapotaka kugeuka, kuketi au kushusha miguu chini: avute hewa akiwa ametulia, ajiinue akiwa anaitoa.

Katika hayo yote hakuna kitu cha kununua, na nasisitiza hilo kwa sababu kuna soko. Hospitali nyingi za nchi tajiri humpa mgonjwa kijichombo cha plastiki chenye mipira midogo inayopanda anapovuta hewa. Mwaka 2014 jopo la wachambuzi wa tafiti la Cochrane lilipitia majaribio 12 yenye washiriki zaidi ya 1,800 wa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo na halikupata ushahidi kwamba kifaa hicho kinazuia matatizo ya mapafu. Hospitali ya wilaya isiyokuwa nacho haijapungukiwa.

Pingamizi ninaloliogopa ni jingine kabisa, na wanaolitoa wana haki ya kulitoa. Wanasema: katika nchi ambazo mgonjwa anatoka kupasuliwa na kuishia kupewa vidonge vya parasetamoli, ukianza kusifu pumzi utawapa wakubwa kisingizio. Bajeti ya dawa itakatwa, na mgonjwa akilia ataambiwa apumue. Hofu hii ina msingi. Tume ya jarida la Lancet iliyochunguza upatikanaji wa dawa za maumivu ilieleza mwaka 2017 kwamba katika takriban tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, ni tani 0.1 tu zinazofika katika nchi za kipato cha chini. Hilo ni pengo ambalo hakuna zoezi la pumzi litakaloliziba, na yeyote anayelitumia zoezi hilo kulificha pengo anashiriki katika kosa.

Lakini angalia tena ushahidi wenyewe unavyosema. Boston waliofundishwa waliambiwa waombe dawa wakihitaji. Katika utafiti wa mrija wa kifuani kila mtu alipata dawa kwanza. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya tafiti nilizozitaja uliowanyima wagonjwa dawa ili wapumue. Na kimwili haiwezekani iwe vinginevyo: mtu mwenye maumivu makali yasiyotulizwa hawezi kushusha kiwambo chake, kwa hiyo dawa ndiyo inayompa nafasi ya kupumua, na pumzi ndiyo inayomwezesha kufaidi zaidi dozi aliyopewa. Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni kali: hospitali isiyotoa dawa ya maumivu kwa saa zilizopangwa, bali inasubiri mgonjwa alie, haijapata haki ya kumfundisha kupumua. Na visingizio vya kukosa dawa vinajibika. Uganda si nchi tajiri, lakini tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ya kunywa imekuwa ikitengenezwa na kutolewa huko kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Mpango ule ulianzia kwa wagonjwa wa saratani, lakini ulionyesha kwamba woga wa mofini unaweza kushindwa kwa mafunzo na usimamizi.

Dhuluma ya pili ni ya lawama, nayo ina historia. Daktari wa Kifaransa Fernand Lamaze alirudi kutoka Umoja wa Kisovyeti mwaka 1951 akiwa na njia ya kuwaandaa wajawazito kujifungua bila dawa kwa mazoezi ya pumzi, na kutoka Paris ikaenea Ulaya na Marekani. Ilikuwa na hekima ya kuanza wiki nyingi kabla ya uchungu. Ilikuwa pia na kasoro: kwa kuahidi uzazi bila maumivu, ilimfanya mama aliyelia aonekane, na ajione, kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Sisi tunao urithi wetu wa namna hiyo. Ni mara ngapi mwanamke aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kujifungua huambiwa ajikaze, kwa kuwa wenzake wamepita hapo hapo na hawakupiga kelele? Mbinu ya pumzi ikiingia kwenye wodi yenye mazoea hayo bila kuyabadili, itaishia kuwa “jikaze” nyingine yenye jina la kitaalamu. Mgonjwa afundishwe tangu mwanzo kwamba pumzi ikishindwa kutosha si yeye aliyeshindwa, na kwamba kuomba dawa ni sehemu ya somo.

Tena yako maumivu ambayo ni kosa kuyatuliza kwa kupumua. Maumivu ya kawaida ya kidonda hupungua siku hadi siku. Yakiongezeka badala ya kupungua, tumbo likawa gumu na kuvimba, kidonda kikatoa usaha au harufu, homa ikapanda, kifua kikachoma ghafla na pumzi ikakatika, au mguu mmoja ukavimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hapo aitwe daktari, na aitwe mara moja. Mgonjwa aambiwe pia kwamba pumzi za harakaharaka zinaleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, na akisikia hivyo apunguze mwendo. Haya nayo hayaelezeki kwa mtu anayetoka usingizini. Ni ya kuzungumzwa mapema.

Watasema wauguzi ni wachache. Ni kweli, tena ni kweli kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti wa matokeo ya upasuaji barani Afrika uliochapishwa katika Lancet mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, ulikuta wataalamu wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja hawafiki hata mmoja kwa kila watu 100,000. Wagonjwa walikuwa vijana, wastani wa umri ukiwa karibu miaka 38, na wengi hawakuwa na magonjwa mengine. Bado karibu mmoja kati ya watano alipata matatizo, na waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia. Vifo hivyo kwa sehemu kubwa kabisa havikutokea mezani. Vilitokea wodini, siku zilizofuata, mahali ambapo hakuna macho ya kutosha ya kumwangalia mgonjwa. Kwangu mimi takwimu hizi zinadai somo la mapema kuliko zinavyolizuia. Pale ambapo muuguzi mmoja ana vitanda vingi usiku, mgonjwa anayejua la kufanya kila saa, na ndugu anayejua dalili za kuita msaada, ni nguvu kazi ambayo tumeiacha imekaa bure kwenye benchi la nje ya wodi ikisubiri saa ya kuona wagonjwa.

Utafiti huohuo unaonyesha pia wapi somo litolewe. Theluthi ya upasuaji wote ulikuwa wa kujifungua, na zaidi ya nusu ya upasuaji wote ulikuwa wa dharura au wa haraka. Kwa hiyo hatuwezi kuiga Boston na kusubiri usiku wa kuamkia upasuaji, kwa sababu kwa wengi usiku huo haupo. Mama anafika na uchungu saa nane za usiku na baada ya saa moja yuko mezani. Somo lake lilipaswa kutolewa kliniki ya wajawazito, ambako wanawake tayari wanakaa pamoja asubuhi wakifundishwa lishe, chanjo na dalili za hatari. Dakika 15 za pumzi na kanga zinalitosha kundi zima, na anayejifungua kwa njia ya kawaida hatakuwa amepoteza kitu, kwani pumzi hiyohiyo itamfaa kwenye uchungu. Kwa wanaopangiwa tarehe, wakati upo wazi: ni pale wanapoletewa fomu ya ridhaa. Leo tukio hilo ni la kutia sahihi au dole gumba na kuendelea. Hakuna wakati ambapo mgonjwa na ndugu zake wana masikio zaidi.

Na asiyeamini kwamba jambo dogo la kuzungumza linaweza kubadili matokeo ya upasuaji, jibu lake liko Morogoro. Kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji katika hospitali za miji 8, mmojawapo ulikuwa Ifakara mkoani humo, sambamba na London, Toronto na Seattle. Orodha ile ilikuwa karatasi moja yenye vipengele 19, vingi vikiwa ni maswali ya kuulizana kwa sauti kabla ya kukata na kabla ya kutoka. Katika hospitali hizo kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi ya namna hiyo sasa iko kwenye vyumba vya upasuaji sehemu nyingi duniani. Naomba wizara na uongozi wa hospitali waongeze mistari miwili kwenye fomu ya ridhaa: mgonjwa amefundishwa kupumua na kukohoa, na dawa yake ya maumivu imeandikwa pamoja na saa zake. Mistari yote miwili itiwe sahihi na aliyefundisha, na mmoja usikubaliwe bila mwenzake.

Nawe msomaji, kama una tarehe ya upasuaji au una mtu wako mwenye tarehe, usisubiri fomu ibadilike. Siku ya kulazwa muulize muuguzi au daktari wa usingizi akuonyeshe namna ya kupumua na kukohoa ukiwa umekumbatia kidonda, mfanye pamoja mbele yake mpaka aseme mmeweza, kisha muulize dawa ya maumivu ni ipi na itatolewa saa ngapi. Andikeni jibu, na anayebaki kuuguza alishike.